Ukiitwa Ujieleze Kazini, Utaandamana na Nani?

Karatasi ilisema katoni 412. Sakafuni mwa stoo zilikuwa 388, lakini mimi sikulijua hilo jioni ile kwa sababu sikuhesabu. Ilikuwa siku ya mwisho ya Juni, mwaka wa hesabu unafungwa, na sisi wa uhasibu tulikuwa tumegawiwa stoo ili tuhesabu mali pamoja na makarani. Yangu ilikuwa stoo ya sabuni, nyuma kabisa ya kampuni huko Industrial Area, baridi ya Juni ikishuka kutoka kwenye mabati. Karani wake alikuwa rafiki yangu. Ilipofika saa kumi na moja na nusu aliniambia, "Hizi nilizihesabu asubuhi, ziko sawa. Weka sahihi twende kabla hawajapandisha nauli."

Nikaweka.

Wakaguzi waligundua upungufu wiki ya pili yake. Hapakuwa na mwizi. Katoni 24 zilikuwa zimepelekwa kwa mteja wa Thika na hati yake ikasahaulika katikati ya daftari. Lakini kabla hati haijapatikana tuliitwa chumba kimoja, mimi na rafiki yangu, tukaulizwa: mlihesabu? Yeye alisema tulihesabu pamoja. Mimi nilinyamaza kidogo, kisha nikasema, "Mimi sikuhesabu. Nilitia sahihi tu." Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji. Tangu siku hiyo hatukunywa chai pamoja tena.

Yeye alipewa barua ya onyo. Mimi nilipewa tiki. Kwa miezi 7, kila karatasi niliyotia sahihi ilipitia kwa mwenzangu mmoja kabla ya kumfikia mkuu wetu, na mwenzangu huyo aliweka tiki ndogo ya kalamu ya kijani kando ya jina langu, kuonyesha kwamba ameirudia hesabu. Hakuna aliyenieleza. Niliziona mwenyewe siku moja nikitafuta risiti ya zamani, tiki baada ya tiki, nikasimama pale kwenye kabati la faili mashavu yakiwaka.

Nimefanya kazi za hesabu Nairobi kwa zaidi ya miaka 15 sasa, na bado naona vijana wanaoingia ofisini wakipewa ushauri mmoja tu: wajulikane, wachangamke, wawe watu wa watu. Hakuna anayewaambia kwamba kupendwa na kuaminiwa ni akaunti mbili, na kwamba kuna siku utatakiwa kutoa kwenye moja ili uweke kwenye nyingine.

Kwa nini nilitia sahihi? Haukuwa uvivu. Miezi mitatu kabla, mamangu alikuwa amelazwa na bili ikapita uwezo wangu wote. Wenzangu wakafungua kikundi cha WhatsApp. Orodha ilipoanza kusambazwa, jina la kwanza lilikuwa la rafiki yangu huyo: shilingi 5,000. Nilijua karani wa stoo alilipwa ngapi, maana mimi ndiye niliyeiandaa mishahara ile. Mtu wa namna hiyo anakwambia katoni ziko sawa. Utaanza kuzihesabu mbele ya macho yake?

Huwezi kuzielewa ofisi za Nairobi bila kuielewa orodha hiyo. Zamani ilikuwa bahasha ya kaki ikipita meza kwa meza, na ulichotia ulikijua wewe na aliyeibeba. M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, mchango ukapata jina, kiasi na saa. Kila pesa zinapoingia, mweka hazina huinakili orodha upya na kuirudisha kikundini, namba moja hadi ya mwisho. Wanaoisoma wanaona nani ametoa, nani ametoa kidogo kuliko cheo chake, na nani hayumo kabisa. Leo ni mazishi ya mzee wa mwenzetu kijijini, kesho ni karo ya mtoto wa mlinzi, wiki ijayo ni harusi ya msichana wa mapokezi. Kuna miezi ambayo mshahara wenyewe unafika ukiwa tayari umeshachangwa.

Sisemi orodha hiyo ni mbaya. Ilimtoa mamangu hospitalini, na sitaisahau hadi kufa kwangu. Watu wengi katika mji huu wako mbali na ndugu zao, na ofisi imekuwa ukoo wa pili. Ninachosema ni kwamba deni la mchango lina njia yake ya kulipwa: siku ya mwenzako ikifika, na wewe utume. Shida huanza pale tunapolilipa kwa kitu ambacho si chetu. Unamtilia mwenzako sahihi kwenye daftari la kuingia kazini na yeye bado yuko Githurai. Unapitisha risiti ya teksi isiyo na tarehe. Unampa alama 4 kati ya 5 kwenye tathmini ya mwaka mtu aliyekuachia kazi yake tangu Machi, kwa sababu alikuja matangani kwenu na akakesha. Sahihi niliyotia jioni ile haikuwa yangu kuitoa zawadi. Ilikuwa ya kila mtu ambaye angeisoma karatasi ile baadaye na kuamini kwamba kuna mtu alisimama stoo akahesabu.

Kiswahili kina neno moja linalobeba mambo matatu hapa, nalo ni sifa. Tangazo la kazi hutaja sifa za mwombaji, yaani shahada, vyeti na miaka ya uzoefu. Mtu akimmiminia mkubwa wake maneno matamu, tunasema anampa sifa. Na mtu akijulikana kwa jambo fulani, liwe jema au baya, hiyo nayo ni sifa yake. Ofisini haya matatu huchanganywa kila siku. Mwenye vyeti hudhani tayari anayo ile ya tatu, na anayesifiwa kwenye kila mkutano hudhani vivyo hivyo. Kumbe ile ya tatu huandikwa na wengine, polepole, wewe ukiwa hupo, kutokana na vitu vidogo mno. Ulisema ripoti itafika Alhamisi na ikafika Alhamisi. Ulikosea ukasema umekosea kabla hawajagundua. Ulisikia habari za mtu zikaishia kwako.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimelipenda neno hilo tangu shule ya msingi, lakini kwa ofisi nilizozijua siwezi kulikubali. Kazi njema hapa haijiuzi. Inahitaji kuonekana, na macho yanayoitazama yana mazoea yake.

Nitatoa mfano wa mkutano mmoja wa Jumatatu. Karani mmoja aliyekaa stoo moja kwa miaka 12 alieleza kwa Kiswahili kwa nini mafuta ya kupikia yalikuwa yakipungua kila mwisho wa mwezi. Mitungi ya lita 20 ilikuwa ikipangwa safu sita kwenda juu. Ile ya chini ilikuwa inalemewa, inapata ufa karibu na mdomo, inavuja kidogo kidogo. Na kwa kuwa wapakiaji huchukua ya juu kwanza, ya chini ilikuwa inakaa miezi bila kuguswa. Alieleza sababu, akaeleza na dawa yake: safu nne, na mzigo wa zamani utoke kwanza. Watu wakaitikia kwa vichwa, mkutano ukasonga mbele. Dakika kumi baadaye kijana aliyekuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliopita akayasema yaleyale kwa Kiingereza, na mchoro kwenye skrini. Meneja akaandika. Kumbukumbu za mkutano zilipotumwa, wazo lilikuwa na jina la kijana.

Yule kijana hakuwa mwizi wa mawazo. Nadhani kweli aliamini kwamba anasaidia, kwamba anaitafsiri hoja ifike. Lakini meneja alipomuuliza safu nne zitatosha vipi kwenye nafasi iliyopo, hakuwa na jibu. Jibu alikuwa nalo karani, na karani alikuwa ameshafunga daftari lake, amekunja mikono, anatazama dirishani. Sikumsikia tena akitoa hoja mwaka ule wote. Mafuta yaliendelea kuvuja hadi Agosti.

Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Imezitaja sambamba, na Kiswahili ndicho kilichotangulia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya lugha, kama inavyokataza kumbagua kwa kabila, dini au jinsia. Hata hivyo katika vyumba vyetu vya mikutano Kiswahili kimebaki lugha ya salamu na pole, na Kiingereza lugha ya kuaminiwa. Mtu mwenye lafudhi ya kwao anapozungumza, wasikilizaji huanza kuisikiliza lafudhi na kuliacha neno. Hili linanichoma sana, kwa sababu nimeona hasara yake kwenye vitabu vya hesabu, kwa shilingi na senti.

Siku hizi nikiendesha mkutano, naandika jina la aliyesema kwanza na kulisoma kwa sauti kabla ya kufunga. Na makarani nimewaomba jambo moja: ukitoka mkutanoni, tuma ujumbe wa mistari mitatu kwa Kiswahili kizuri, useme ulichopendekeza na tarehe. Maneno ya mdomoni yana miguu, huhamia kwa mwingine. Yaliyoandikwa hukaa na mwenyewe.

Jina la ukoo nalo husomwa kabla ya kazi. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka kabila moja, na kuwepo kwa sheria hiyo ni ushahidi wa tulikotoka. Kwenye kampuni za watu binafsi hakuna hesabu kama hiyo, kwa hiyo utasikia "huyo ni mtu wetu" ikisemwa waziwazi jikoni wakati wa chai ya saa nne. Anayeumizwa na maneno hayo si yule aliyeachwa nje peke yake. Yule aliyeitwa mtu wetu naye hatajua kamwe kama anaaminiwa au anavumiliwa, na siku mkubwa aliyemleta akiondoka, ataanza upya mbele ya watu ambao hawajawahi kumpima.

Na wanawake tuna mzani wetu peke yetu. Mkubwa akikupa lifti jioni ya mvua kwa sababu nyote mnakaa upande wa Thika Road, kesho yake kuna macho. Ukipanda cheo mwezi wa tatu baada ya hapo, kuna maneno. Mwanamume akipewa lifti ileile, watasema anaandaliwa kuwa meneja. Nimeona dada mmoja hodari akiacha kuhudhuria mikutano ya jioni kabisa ili kuepuka maneno hayo, na kutokuwepo kwake kukaandikwa kwenye tathmini kama uzembe. Sheria ya Ajira, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono. Ofisi nyingi ninazozijua zinayo, imefungiwa kwenye faili. Minong'ono ya jikoni haijatungiwa sera yoyote.

Sasa nije kwenye simu. Kila aliyewahi kutafuta kazi Nairobi anaijua: umefanya mahojiano, umeambiwa utapigiwa, na katikati ya hapo kuna mtu anampigia mkubwa wako wa zamani. Wengi hudhani kwamba ukiondoka kazini, mwajiri analazimika kukuandikia barua ya kukusifu. Halazimiki. Kifungu cha 51 cha Sheria ya Ajira kinamtaka akupe cheti cha utumishi, mradi umemfanyia kazi wiki nne mfululizo au zaidi, nacho ni cheti kikavu: jina la mwajiri, jina lako, siku uliyoanza, kazi uliyofanya na mahali pake pa kawaida, siku uliyoacha. Sheria inaendelea kusema wazi kwamba mwajiri hafungwi kutoa ushuhuda wowote kuhusu tabia au utendaji wako. Kwa hiyo yote yasiyo tarehe na vyeo yameachwa kwenye ulimi wa mtu mmoja, kwenye simu ya dakika mbili ambayo hutaisikia.

Mimi hupigiwa simu hizo sasa. Swali linalokuja ni lilelile, kwa maneno tofauti: ungemwajiri tena? Nimegundua kwamba linapoulizwa, sikumbuki nani alinichekesha wala nani aliniletea ndizi kutoka kwao. Nakumbuka karatasi. Naona meza ya mtu, naona kama nilihitaji kuirudia hesabu yake au la. Nilipolitambua hilo, ndipo nilipouelewa uzito wa ile tiki ya kijani. Mwenzangu yule hakuwa adui. Alikuwa akinijibia simu ambayo haijapigwa.

Sheria hiyohiyo ina kifungu cha 41, ambacho ningependa kila mfanyakazi akisome kabla hajakihitaji. Kabla ya mwajiri kumfuta mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake mmoja wa kazini anayemchagua mwenyewe, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, asikie maelezo hayo. Kisha mwajiri ni lazima awasikilize wote wawili. Akiiruka hatua hiyo, mahakama ya leba inaweza kumwamuru alipe fidia ya hadi mshahara wa miezi 12.

Tafakari hilo neno, anayemchagua. Huwauliza vijana wangu wa idara: kesho ukipewa barua ya kujieleza, utaandamana na nani? Wengi hutaja mara moja jina la wanayekula naye. Nikiwauliza, akisema neno upande wako, watamwamini? Hapo hunyamaza.

Niliulizwa swali hilo na mtu mzima miaka kadhaa baada ya ile sabuni. Alikuwa dereva wetu wa lori, mzee aliyekaribia kustaafu, yuleyule aliyezipeleka zile katoni 24 Thika. Alikuwa amepewa barua ya kumtaka ajieleze kuhusu lita 60 za dizeli zilizopungua. Alinifuata kwenye meza yangu, kofia mkononi, akasema, "Dadangu, Alhamisi nataka twende na wewe."

Nilishangaa. Hatukuwa tumezoeana. Nikamwambia, "Mzee, mbona usimchukue utingo wako? Mmekuwa naye barabarani miaka yote hii."

"Utingo wangu ananipenda," alisema. "Watasema ananitetea. Wewe ulisema hukuhesabu."

Alhamisi tuliingia. Barua ilikuwa kwa Kiingereza na kikao kilianza kwa Kiingereza. Mzee alikuwa akitikisa kichwa kwa adabu kwenye sentensi ambazo niliona wazi hazimfikii. Nikaomba aelezwe kwa Kiswahili, kama sheria inavyotaka. Mwenyekiti alikunja uso kidogo, kisha akakubali, na kwa mara ya kwanza mzee akauliza swali: ni Jumamosi gani mnayoisema?

Nikaomba daftari la getini la mwezi ule na karatasi za mafuta. Vilichukua nusu saa kuletwa. Karatasi za mafuta zilionyesha lori limetoka mara 21. Mwenyekiti akasema twende kwa jumla iliyoandikwa chini, muda unakwenda. Nikamwomba radhi, nikafungua daftari la getini ukurasa wa kwanza, nikaweka kidole kwenye mstari wa juu na kuanza kushuka, lori moja, tarehe moja, sahihi moja ya mlinzi. Chumba kilikuwa kimya. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo nikashuka tena. Jumamosi ya pili lori lilikuwa limetoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda Nakuru na kurudi usiku, safari ambayo karani wa usafiri, aliyekuwa likizo, hakuiingiza kwenye karatasi za mafuta.

"Ni mara 22," nikasema.

Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani. "Una hakika?"

"Nimehesabu."